Kamari Mombasa: tunabishania ubao wa dukani, pesa inapita kwenye simu

Ligi za Ulaya zikianza tu, na mjadala nao huanza. Mimbarini Majengo na Kisauni neno ni moja: ifungwe, aya ya 90 ya Surat al-Maida iko wazi. Kijiweni kwa bodaboda neno ni jingine: mwacheni mtu na pesa yake. Nairobi nao wanasema hawafungi, wanadhibiti. Kambi zote tatu hutamka "kamari" kana kwamba ni kitu kimoja chenye mlango mmoja.

Msimamo wangu nautoa mapema, asiyeutaka asimalize bando bure. Mombasa peke yake haiwezi kufunga kamari, na udhibiti uliopo umeshika mahali pasipostahili. Panapostahili kushikwa ni pawili: pale pesa inapotoka M-PESA kuingia kwenye akaunti ya mchezo, na kasi ambayo mchezo wenyewe unazunguka. Mengine, kama mabango na hotuba, yana kazi yake lakini ni kazi ndogo.

Ukisema kamari katika mji huu unataja angalau vitu vinne. Kuna kasino za mahotelini, ambako mtu huingia kwa miguu yake na mlangoni kuna bawabu. Kuna duka la kubeti karibu na steji, televisheni ukutani, karani nyuma ya wavu. Kuna mashine za sarafu, zile bonanza, zimesimamishwa ubavuni mwa duka la rejareja au nyuma ya kinyozi. Na kuna simu. Kasino naiacha kando: wateja wake ni wachache na anayetaka kuikagua anajua pa kwenda. Uzito wote uko kwenye simu, kwa hiyo tuanze huko, na tuanze na hesabu, maana vinavyoelea vimeundwa.

Mkeka kwanza, yaani tiketi ya kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja. Chukua mechi moja yenye odi (namba inayozidisha dau ukipatia) 2.10 kwa mwenyeji, 3.20 kwa sare na 3.40 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila odi kisha jumlisha: 0.476, 0.313 na 0.294. Jumla ni 1.083. Kampuni isingekuwa na kata yake, jumla ingekuwa 1 kamili. Hiyo 0.083 iliyozidi ndiyo mshahara wa kampuni. Sasa gawanya 1 kwa 1.083, unapata 0.923 hivi. Maana yake, katika kila shilingi 100 zinazowekwa kwenye mechi hiyo, zinazorudi kwa wachezaji kwa wastani ni 92.

Hasara ya shilingi 8 si kubwa, utasema, na ni kweli. Tatizo ni kwamba wanaobeti mechi moja tu ni wachache. Odi za mkeka huzidishwa, na kata ya kampuni nayo huzidishwa pamoja nazo. Mkeka wa mechi 5 zenye kata kama hiyo hurudisha wastani wa shilingi 67 kwa kila 100. Mechi 10, shilingi 45. Mechi 15, kama shilingi 30. Ndiyo sababu kampuni inakupa bonasi kubwa zaidi kadiri mkeka unavyorefuka. Haikuonei huruma, inakuvuta kule ambako kata yake ni nene. Mkeka ukichanika kwa mechi moja ya mwisho, mchezaji husema "nilikosa kidogo tu." Hakukosa kidogo. Kwa hesabu, mkeka wa mechi 10 wenye moja iliyoharibika hutokea mara nyingi zaidi kuliko ulioshinda, na hisia hiyo ya kukaribia ndiyo inayomrudisha kesho.

Jakpoti ya mechi 17 ina michanganyiko 129,140,163. Tuseme wewe ni mjuzi kweli, kila mechi una nafasi ya nusu kwa nusu ya kupatia. Bado ni mara 1 katika 131,072. Mtu alishinda shilingi milioni 221 mwezi Mei 2017, na picha yake ilizunguka nchi nzima. Wengine waliocheza wiki hiyo hawakupigwa picha.

Sasa ndege. Aviator ilitoka mwaka 2019 kutoka kampuni ya Spribe, na kwa maoni yangu imebadilisha kamari ya simu kuliko sheria yoyote. Ndege inapaa, kizidishi kinapanda, unatoa pesa kabla haijatoweka. Kwa maelezo ya waliouunda, mchezo unarudisha asilimia 97. Kutokana na hiyo unaweza kukokotoa uwezekano wa ndege kufika mahali popote: gawanya 97 kwa kizidishi. Kufika 2 ni asilimia 48.5. Kufika 10 ni asilimia 9.7. Kufika 100 haifiki hata asilimia 1.

Asilimia 97 inasikika kama ukarimu ukilinganisha na mkeka, na hapa ndipo wengi, wakiwemo baadhi ya wabunge wetu, wanapopotea. Ile asilimia 3 haikatwi kwenye pesa uliyoingiza, inakatwa kwenye kila mzunguko. Mkeka wa Jumamosi unaukalia siku nzima ukisubiri filimbi ya mwisho. Ndege inazunguka mara tatu kwa dakika bila shida. Dau la shilingi 20 kwa mizunguko 180 ya saa moja ni shilingi 3,600 zilizozungushwa, na kata ya kampuni ni 108 kwa wastani. Mchezo unaruhusu madau mawili kwa pamoja, basi ni 216. Panda dau hadi 100, moja tu, kata ya saa moja ni 540. Hiyo ni kata ya saa moja, kwa mtu anayelipwa kwa siku.

Kuna mbinu mbili zinazouzwa vijiweni na zote zinaua. Ya kwanza ni kuongeza dau mara mbili kila unapopoteza, ukitoa kwenye 2. Anza na 20: 40, 80, 160, 320, 640, 1,280. Ukipoteza mara saba mfululizo umeshaweka 2,540, na dau linalofuata ni 2,560. Yote hayo ili upate faida ya shilingi 20. Uwezekano wa kupoteza mara saba mfululizo ukianzia mzunguko wowote ni kama 1 katika 104, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu, kwa kuwa inaonekana mbali. Kwa mizunguko 180 ya saa moja, nafasi ya mfululizo huo kutokea angalau mara moja ni zaidi kidogo ya nusu kwa nusu.

Mbinu ya pili ni kununua signali, yaani dokezo la lini ndege itatoweka, Telegram, au programu inayodai kutabiri. Matokeo ya kila mzunguko hutengenezwa kwa kuchanganya mbegu (namba ya nasibu) ya seva na mbegu za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Muuza signali hana mbegu hizo. Alicho nacho ni kiungo cha usajili kinachomlipa kila unapojiandikisha, na pengine picha za mizunguko iliyokwisha. Pata potea ile ile ya karata tatu ya barabarani, sema hii haihitaji mtu wa kuchungulia askari.

Nimekaa sana kwenye hesabu kwa sababu bila hiyo mtu haoni kilichofanywa kwenye kodi.

Serikali ya Kenya imekuwa ikihamahama. Mwaka 2018 kodi kwa mapato ya kampuni iliwekwa asilimia 35, kampuni zikapiga kelele na kuondoa udhamini wa michezo, kisha ikashushwa hadi 15. Kwa upande wa mchezaji, ushuru wa bidhaa kwenye dau uliwekwa asilimia 20 mwaka 2019, ukafutwa 2020, ukarudi kwa 7.5 mwaka 2021, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, na mwisho wa 2024 ukafika 15. Halafu Sheria ya Fedha ya 2025 ikageuza meza. Tangu Julai 2025 ushuru ni asilimia 5 ya pesa inayoingizwa kwenye akaunti ya mchezo, na kodi ya zuio ni asilimia 5 ya pesa inayotolewa, badala ya ile asilimia 20 ya ushindi.

Watu walisikia 15 imekuwa 5 na 20 imekuwa 5, wakasema afueni. Lakini tazama kinachotozwa. Zamani ni dau, sasa ni amana. Ingiza shilingi 1,000: 50 zinakatwa, zinabaki 950. Ukighairi hapo hapo ukaitoa yote bila kucheza hata mzunguko mmoja, zinakatwa 47.50 nyingine na unarudi nyumbani na 902.50. Ukiiacha ndani, hakuna ushuru mwingine hata uizungushe usiku kucha. Kwa sheria ya asilimia 15 ya dau, ile saa moja ya ndege yenye mzunguko wa shilingi 3,600 ilidaiwa ushuru wa 540. Kwa sheria mpya saa hiyo hiyo inadaiwa 50, ile iliyokatwa mlangoni. Mchezo wa polepole, mtu anayeweka elfu moja kwenye mechi moja, alipata afueni kutoka 150 hadi 50. Mchezo wa kasi umepata afueni zaidi ya mara kumi.

Na kodi ya kutoa inamfundisha mchezaji jambo moja: usitoe. Akiwa na 700 ndani, kichwa kinamwambia akizitoa 35 zinakwenda, bora acheze zifike elfu. Naelewa kwa nini Mamlaka ya Mapato iliupenda mfumo huu, maana amana na utoaji hupita kwenye simu na ni rahisi kuhesabu kuliko mamilioni ya madau madogo. Ni kodi nzuri ya kukusanya. Kama chombo cha kupunguza kamari imekaa kinyume.

Waliosema "kudhibiti" kwa upande wao wana sheria mpya. Ile ya zamani, Sura ya 131, ilikuwa ya mwaka 1966, enzi ambazo kamari ya mbali ilikuwa tiketi ya karatasi. Agosti 2025 Rais alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, na mamlaka mpya ya taifa inachukua nafasi ya bodi ya zamani. Kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 2025, bodi ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kisha ikaja na masharti ya kuwazuia watu mashuhuri na wachapishaji wa mitandaoni kuipigia debe. Sawa. Lakini tangazo lenye nguvu kuliko yote haliko redioni. Ni ujumbe mfupi wa saa mbili usiku unaosema umepewa dau la bure la shilingi 50. Masharti ya dau hilo la bure huwa chini kwa herufi ndogo: ushindi wake lazima uzungushwe mara kadhaa, kwa odi zisizopungua kiasi fulani, ndani ya siku chache, ndipo uweze kutolewa. Mtu huongeza pesa yake mwenyewe ili afikishe mzunguko.

Mswada wa mwaka 2023 uliozaa sheria hiyo ulikuja na kiwango cha chini cha shilingi 20 kwa dau la mtandaoni. Nia ilikuwa kumfukuza mtoto mwenye sarafu. Sijapata kuelewa kwa nini mjadala mzima ulihusu kiwango cha chini. Anayeumia haumizwi na dau la shilingi 5, anaumizwa na kukosa dari. Kwa kulinganisha, Uingereza ilishika dari: Aprili 2019 dau la juu kwenye mashine za madukani lilishushwa kutoka pauni 100 hadi pauni 2 kwa mzunguko. Aprili 2020 wakakataza kadi za mkopo kutumika kwenye kamari. Oktoba 2021 wakaamuru mzunguko mmoja wa sloti za mtandaoni, zile za kuzungusha picha, usichukue chini ya sekunde 2.5, na mwaka 2025 wakaweka dari ya pauni 5 kwa sloti hizo, na pauni 2 kwa walio chini ya miaka 25. Norway ilikwenda mbali zaidi, ikaondoa mashine zote za watu binafsi mwaka 2007 na baadaye ikarudisha chache chini ya kampuni ya serikali, kila mchezaji na kadi yake na kikomo cha hasara. Nchi hizo hazikuacha kucheza kamari. Zilipunguza kasi yake.

Wanaotaka marufuku hunijibu kwamba ukipunguza kasi ya shetani bado ni shetani. Siwapingi kwenye imani. Nawauliza utekelezaji tu, kwa sababu Kenya ilishajaribu kitu kinachokaribia marufuku, na jaribio hilo ndilo linalofundisha kuliko yote.

Julai 2019, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i alikataa kuhuishwa kwa leseni za kampuni 27. Hakutuma polisi kuvunja ofisi. Safaricom iliagizwa kufunga namba za Paybill, zile za kuzilipa kwa M-PESA, na namba fupi za kampuni hizo. Kampuni isiyo na Paybill hapa kwetu ni kama duka lisilo na mlango, wateja wanaiona dirishani tu. Miezi mitatu haikuisha, SportPesa na Betin zilikuwa zimetangaza kuondoka nchini. Hakuna fatwa wala hotuba iliyowahi kufanya hivyo. Udhaifu ulikuwa mmoja: zilifungwa Paybill za baadhi, na waliobaki na mlango wazi wakapokea wateja wa waliofungiwa. Hiyo ni funzo la pande mbili. Anayetaka marufuku ajue silaha iko wapi, na ajue kwamba ukifunga mlango wa mbele na kuacha wa uani umehamisha foleni tu.

India mwaka 2025 ilipitisha sheria ya kukataza michezo ya pesa mtandaoni, na kiini chake ni kilekile: mabenki yamekatazwa kupitisha malipo.

Haya, turudi nyumbani. Kaunti ya Mombasa ina mamlaka gani? Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010 inagawa. Serikali ya taifa imepewa kamari ya kitaifa. Kaunti zimepewa burudani za umma, na humo ndani zimetajwa kubeti, kasino na aina nyingine za kamari. Kwa hiyo duka la kubeti lenye ubao barabarani liko ndani ya mikono ya kaunti. Simu haimo. Bunge la kaunti likifunga kila duka la kubeti kutoka Changamwe hadi Bamburi, ndege itaendelea kupaa mfukoni mwa kila mtu.

Halafu kuna jiografia. Vuka daraja la Mtwapa, umeingia Kilifi. Toka Likoni ukifika Ng'ombeni, umo Kwale. Duka lililofungwa upande huu litafunguliwa mita mia chache upande ule, na nauli ya matatu ni ndogo kuliko mkeka. Kaunti za Pwani zisipokwenda pamoja, kufunga maduka ni kuwafanyia biashara majirani.

Na kuna sheria. Mei 2024 Gavana Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka, yale majani ya kutafuna, kwa amri, na ndani ya siku chache mahakama ikaisimamisha amri hiyo kwa muda. Yeyote anayetaka amri ya aina hiyo kwa kamari akumbuke jinsi ile ilivyosimamishwa mapema. Amri ya mtu mmoja ni nyepesi mbele ya hakimu. Sheria ndogo iliyopitishwa na bunge la kaunti baada ya wananchi kusikilizwa ni nzito zaidi, hata kama inakawia.

Kwa hiyo ombi la maana kwa kaunti si "funga kamari." Ni mambo yaliyo ndani ya leseni ya biashara: umbali kutoka shule, madrasa na vituo vya matatu, idadi ya maduka kwa kila wadi, saa ya kufungua isiwe kabla ya saa nane mchana siku za shule, na zuio la sloti na mashine ndani ya duka lenye leseni ya kubeti mechi. Hilo la mwisho ndilo ningelipigania kuliko yote, kwa sababu maduka mengi yamegeuka: ubao unasema mpira, lakini kilichomo ni michezo ya kompyuta ya mbwa na namba inayotoka kila dakika chache. Wakaguzi husoma ubao.

Mashine za sarafu ni habari nyingine, na hapa marufuku nakubaliana nayo moja kwa moja. Mashine ya bonanza haina msimamizi. Kiwango cha kurudisha hupangwa ndani ya sanduku na mwenye ufunguo, hakuna anayekikagua, na mchezaji wake mkubwa ni mtoto aliyetumwa sukari. Mwenye mashine si mwenye duka. Anaiweka, anakuja siku fulani, anafungua sanduku, wanagawana. Msako ukifika, chifu na askari wanachukua mashine, wanamkamata mwenye duka, wanaichoma mbele ya kamera. Wiki mbili baadaye ipo nyingine, maana aliyekamatwa si mwenye mali, na mali yenyewe ni rahisi. Panapoharibika ni kwenye kumbukumbu. Mashine ikikamatwa iandikwe namba yake ya utengenezaji kabla ya kuchomwa, mwenye duka apewe nafasi ya kumtaja mwenye ufunguo, na namba hizo ziende forodha. Mashine hizi haziundwi Kongowea. Ni mzigo wa kontena, na mzigo wa kontena Kenya kwa kawaida hupita bandari ya Kilindini, hapa hapa.

Umri nitaupitia haraka. Kenya ni miaka 18, Uganda sheria yao ya 2016 inasema 25. Namba yoyote utakayoandika inagonga ukuta mmoja: laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha mama, basi kampuni inamwona mama. Dawa si kuongeza umri. Dawa ni akaunti ya mchezo kufunguliwa kwa kitambulisho na picha ya uso, na jina lake kulingana na jina la M-PESA inayolipa.

Nikirudi kwenye ule mlango wa pesa, udhibiti ninaoutaka mimi ni huu. Kikomo cha amana kwa siku na kwa mwezi kinachohesabiwa kwa kitambulisho, si kwa kampuni, ili mtu asihame kutoka Paybill moja kwenda nyingine. Leo kikomo halisi cha mchezaji ni kile cha M-PESA yenyewe, shilingi 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku, yaani hakuna kikomo. Orodha moja ya kujifungia: ukijiandikisha, kampuni zote zenye leseni zinakukataa. Uingereza kampuni za mtandaoni zimelazimika kujiunga na orodha ya aina hiyo tangu 2020. Kwetu kujifungia kwenye kampuni moja ni mchezo wa kitoto wakati nyingine kadhaa ziko mguso mmoja mbali. Kisha pengo la muda kati ya mzunguko na mzunguko kwenye michezo ya kasi. Na pesa ya mkopo wa simu isiweze kuingia Paybill ya kamari ndani ya saa 24 tangu ipokewe. Mtoa huduma anaijua vizuri njia ya shilingi hiyo, asijifanye haijui.

Kwa familia isiyoweza kusubiri bunge, kuna la kufanya wiki hii. Aliyezama akubali kuvuta taarifa ya M-PESA ya miezi sita, kwa programu au kwa *334#. Inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa, na namba ya kuifungulia inatumwa kwa ujumbe. Tafuta majina ya kampuni za kamari. Jumlisha zilizokwenda kwao safu moja, zilizorudi kutoka kwao safu nyingine, toa. Usiruke vile vya shilingi 50, ndivyo vingi. Andika pembeni mikopo ya simu iliyochukuliwa siku moja na amana hizo. Mchezaji karibu kila mara hukumbuka ushindi wake kwa tarehe na hasara zake kwa jumla, kwa hiyo tofauti kati ya alichodhani na kilichoandikwa huwa kubwa, na ni bora aisome mwenyewe kuliko kusomewa.

Halafu kampuni moja moja: barua pepe yenye jina, namba ya simu na ya kitambulisho, ikiomba akaunti ifungwe moja kwa moja na ujumbe wa matangazo ukome. Tunza nakala. Pesa ya kazi ihamie laini nyingine inayoshikwa na mtu mwingine nyumbani, kama ni fundi au dereva alipwe huko. Msimlipie madeni yote kwa mkupuo. Mtu aliyetoka deni ghafla ana mkopo mpya unaomsubiri kwenye simu ile ile. Lipeni wanaodai moja kwa moja, kidogo kidogo. Asipoweza kulala au akianza kuuza vitu vya nyumbani, mjue uraibu wa kamari ni ugonjwa unaotambuliwa na Shirika la Afya Duniani, na mahali pake ni kliniki ya afya ya akili, si kikao cha wazee peke yake.

Na mnaotaka kupeleka ombi bunge la kaunti: Ibara ya 37 ya Katiba inawapa haki hiyo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inalitaka bunge lilipokee. Liandikwe kwa karani wa bunge. Taja wadi na maduka kwa mahali yalipo, eleza kama jambo hilo liko mahakamani au la, sema mlishampelekea nani kabla na alijibu nini, kisha ombi lenyewe kwa sentensi zinazoweza kugeuka kifungu cha sheria. Saini, namba za vitambulisho. Ambatisheni zile jumla za M-PESA za kaya ishirini au thelathini za mtaa mmoja, majina yakiwa yamefutwa: safu ya zilizotoka, safu ya zilizorudi, tofauti.